Vipande Viwili vya Plastiki, Koboko hadi Kuluva

Tangu nirudi, kila ninapokaa kunywa chai hapa Koboko naulizwa jambo lile lile: ni kweli mimi na mtoto wa dada yangu tulipika plastiki ndani ya bani la kukaushia tumbaku, tena kwa kostiki ya kutengenezea sabuni? Ni kweli. Tuliipika mara mbili, na ya kwanza iliharibika kwa kosa langu. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila msikilizaji anaongeza chake. Juzi nimesikia kwamba tulikuwa tunatengeneza miwani ya kuonea dhahabu chini ya ardhi. Basi nimekaa nikaandika safari yote, asomaye awasomee wengine.

Koboko, uani kwa dada

Zainabu ni binti wa dada yangu Aisha. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu kulikuwa na lori linalokwenda Yei na nilitaka kuiona Yei. Yeye hakuacha. Alisoma mpaka akafika Ulaya, kwenye maabara yenye leza kubwa kama ghala la pamba, na huko amefanya kazi miaka minne akitafuta kitu kimoja. Mama yake alipofanyiwa upasuaji wa ghafla wa tumbo, alipanda ndege siku ile ile. Alipofungua mkoba wake Koboko, akakuta ndani yake kisanduku ambacho hakikupaswa kuondoka maabara: vipande viwili vya plastiki angavu, kila kimoja kama kadi ya simu kwa ukubwa. Kwa haraka ya kuondoka, alikuwa amevitia pamoja na daftari zake.

Dada alikuwa anapona vizuri. Tulijua anapona kwa sababu alikuwa ameanza kutulaumu kuhusu chumvi ya mchuzi. Lakini Zainabu alizunguka uani na simu mkononi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, na mimi siwezi kumwona mtu ana jambo nisiulize. Nikauliza. Alinieleza huku anachambua mchele, na ilibidi aanze upya mara tatu.

Leza yao inapiga kipande chembamba cha metali kwa muda mfupi mno, hata neno kufumba na kufumbua ni refu kwake. Metali ile inageuka kuwa plazma. Chembe zake nyepesi, elektroni, zimejinasua kutoka kwa zile nzito, na zote pamoja zinatoka mbio, zikisukuma kila kilicho mbele. Mbele kabisa ya mbio hizo kuna ukingo mkali, wimbi la mshtuko. Na pale ukingoni, wanavyoamini, unatokea umeme.

Nikamuuliza nani anautia.

"Hakuna anayeutia, Mjomba. Unajizaa wenyewe. Nyepesi zinatangulia, nzito zinabaki, na katikati yao kunakuwa na mvuto."

Kuupima ndiyo taabu, maana hauna muda wa kusubiri kipimo. Kwa hiyo wanarusha chembe nyingine, protoni, zikatize pale wimbi lilipo. Pasipo na umeme zinapita moja kwa moja. Penye umeme zinapinda kidogo. Zikitoka upande wa pili zinagonga ile plastiki, na kila moja inaacha kidonda kisichoonekana. Ukiichemsha plastiki katika kostiki, kostiki inakula penye kidonda upesi kuliko penye uzima, na kidonda kinakuwa kishimo. Unahesabu vishimo. Palipojaa na palipopungua panakwambia protoni zilipinda kiasi gani, na kupinda kunakwambia nguvu ya umeme.

Vipande vya mapigo mengine havikuonyesha kitu. Hivi viwili vilikuwa vya pigo la mwisho kabla hajaondoka, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na ndilo pigo pekee lililolengwa kwa wakati wake. Sasa msimamizi wake alikuwa ameandika: siku ya mwisho ya leza ni Ijumaa. Mapigo ya siku hiyo yatakwenda kwa Zainabu au kwa kundi jingine, na ataamua Alhamisi jioni. Kama kuna mstari wa vishimo kwenye plastiki, aonyeshwe. Kama hakuna, basi. Baada ya Ijumaa wangefunga, na kazi ya miaka minne ingebaki kuwa imani.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Kuvirudisha kwa kifurushi kungechukua zaidi ya wiki.

"Unahitaji nini?" nikamuuliza.

Alihitaji kostiki, moto wa nyuzi sabini usiopanda wala kushuka kwa saa sita, na hadubini. Kostiki nilijua pa kuipata. Hayo mengine nilimwambia tutayaona njiani, na ndivyo nilivyoishi tangu lile lori la Yei.

Mama Kadija, anayepika sabuni nyuma ya soko, alitupimia bila shida, ila alitaka kujua tunapika mafuta gani. Zainabu akasema hakuna mafuta, ni plastiki.

"Plastiki hapana kuwa na mafuta," Mama Kadija akasema. "Itakuwa sabuni namna gani?"

Zainabu akamweleza kwamba anataka robo kilo katika lita ya maji. Mama Kadija hakuwa na habari ya lita. Aliikoroga kidogo ndani ya ndoo yake, akaachia yai juu, akatazama sehemu ya yai inayochungulia, akaongeza maji, akatazama tena. Kisha akasema hiyo ndiyo. Zainabu alipopiga hesabu yake baadaye, yai halikuwa limekosea kitu cha kusema. Mama Kadija aliona ni ajabu kwamba mtu aliyesoma anaiangalia ndoo yake kwa heshima hivyo, akatuongezea glavu zake za zamani.

Koboko hadi Arua, pamoja na nyuki

Jumatatu tulipata nafasi kwenye gari la mizigo lililobeba mapipa ya asali. Sikujua kwamba asali mbichi ikisafiri, wenyewe wanaifuata. Dereva alijua. Alituambia tufunge vioo na hatasimama. Tukapita watu waliotupungia mikono, tukapita shemeji yake mwenyewe, tukapita mwanamke aliyekuwa amelipia mzigo wake ushushwe pale, naye akatukimbilia kwa matusi ya Kilugbara ambayo hayakuhitaji tafsiri.

Kabla ya Maracha tulisimamishwa na polisi. Hapo hakukuwa na namna. Ofisa mmoja akataka kufungua ndoo yetu. Akauliza, hii iko nini. Nikasema kostiki. Akauliza ya nini. Nikasema ya kupika plastiki, na usoni pake nikaona jinsi jibu la kweli linavyoweza kuwa baya kuliko uongo. Alikuwa anamwita mwenzake wakati nyuki wa kwanza walipofika. Hatukuulizwa tena.

Lakini dereva naye alikimbia, na gari likabaki barabarani na mlango wazi. Tulikaa chini ya uzio wa muhogo mbali na pale zaidi ya saa mbili, mpaka nyuki wakatulia na dereva akarudi. Kulikuwa na abiria wa tatu, mhubiri mwenye koti zito, na Zainabu alipofungua kisanduku kuhakikisha plastiki hazijakwaruzwa, mhubiri akasogea. Akasema macho yake yamekuwa dhaifu kwa maandiko madogo, anaomba kujaribu. Zainabu akamwambia si miwani. Mhubiri akasema anaona kabisa kwamba ni lenzi. Hapo Zainabu akacheka, akakiri: plastiki hii ndiyo ile ile inayotengenezewa lenzi za miwani, ila hii haijapindwa. Alishika kipande cha kwanza kwa ncha za vidole akamwekea mbele ya Biblia yake.

Mhubiri akatazama kwa muda mrefu.

"Sioni tofauti," akasema.

"Hata mimi bado," Zainabu akajibu.

Ni hapo nilipoelewa kwamba anaogopa. Nilikuwa nimedhani watu wa namna yake wanajua kwanza, kisha wanapima.

Awindiri, umeme usiokuja

Mpango wake ulikuwa mzuri. Mwenzake wa zamani anafundisha sayansi Arua, anakaa Awindiri, na alikuwa na beseni la umeme linaloshika joto lile lile kutwa. Tulifika, tukakaribishwa, beseni likawekwa mezani, likachomekwa. Umeme ukaja nusu saa, ukaenda. Ukaja dakika kumi, ukaenda. Tukangoja tukila enyasa, ule ugali mzito wa muhogo na mtama, na majani ya kunde yaliyopikwa kwa siagi ya karanga. Nilikula sana, Zainabu hakula. Alikuwa anatazama taa ndogo ya beseni.

Tulijaribu jiko la mkaa. Maji yalifika sabini, yakapita themanini, tukapunguza mkaa, yakashuka hamsini. Alisema kostiki ni kama mtoto anayekula: moto ukizidi inakula haraka, ukipungua inalala, na mwisho hujui vishimo vimekuwa vikubwa kwa sababu ya protoni au kwa sababu ya jiko lako.

Hapo nikakumbuka Adumi. Miaka mingi iliyopita nilibeba kuni kwenye mabani ya tumbaku huko. Bani ni nyumba ndefu ya matofali isiyo na dirisha ila tundu moja lenye kioo, na chini yake mabomba ya moto yanapita kutoka tanurini. Majani yanatundikwa ndani na kukaushwa kwa siku kadhaa, na mwenyewe analinda joto kama unavyolinda mgonjwa. Nilikuwa na hakika kwamba mwisho wa kukausha joto linafika sabini na kukaa hapo hapo.

Zainabu akaniuliza nina hakika kiasi gani.

"Nimefanya kazi hiyo," nikasema. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli yote.

Adumi, mlango wa bani

Jumanne asubuhi tulikuwa kwa Candia, mkulima wa tumbaku niliyembebea kuni zamani. Amezeeka, ila sauti ni ile ile, na alinitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki. Aliwaambia watu wake kwamba huyu ndiye yule aliyeondoka akaacha shoka kwenye gogo, na shoka lilikaa pale mpaka mpini ukaoza. Nikacheka. Zainabu hakucheka.

Candia alikuwa na mabani mawili. La kwanza lilikuwa linaingia hatua ya mwisho, ya kukausha mshipa mkubwa wa jani. Kipimajoto chake kilionyesha sabini. Zainabu akakilinganisha na chake, na kwa mara ya kwanza tangu Koboko nikamwona anatabasamu. Aliuliza kama tunaweza kuweka chupa yetu ndani. Candia akasema wekeni, ila upesi. Tukaingia tukikohoa, tukaiweka chini karibu na bomba, kostiki ndani, kipande cha kwanza kikining'inia kwa uzi. Tukatoka, akafunga mlango, akaziba kingo zake kwa udongo mbichi.

Saa sita baadaye, alasiri, tulikuja kuitoa. Candia alikuwa amekaa mbele ya mlango.

"Hapana fungua," akasema.

Nilidhani anatania. Alinieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni kwamba huku jua linachomoza kule. Mshipa ukiwa haujakauka, ukifungua mlango hewa baridi inaingia, jani linarudi kuwa na maji, rangi inabadilika, na bani zima, ambalo ni jasho la msimu, linakuwa takataka. Hatua hiyo ikianza mlango haufunguliwi mpaka iishe. Adumi nzima inajua, hata asiyelima tumbaku.

Zainabu akamwambia kwamba chupa ilipaswa kutoka sasa.

"Mama, nyinyi nasema nataka kuweka," Candia akasema. "Hapana sema nataka kutoa."

Zainabu akanigeukia. "Mjomba, ulisema umefanya kazi hii."

Nikalazimika kusema kwamba nilibeba kuni siku za mwanzo tu, za kulitia jani rangi. Mshipa ulipoanza kukaushwa, mimi nilikuwa nimeshapanda gari la kwenda Pakwach. Sijawahi kuona mlango wa bani ukizibwa, wala kufunguliwa. Zainabu alikwenda akakaa kwenye rundo la kuni, akakunja mikono.

Sikumsihi Candia. Ningemwambia nini, aharibu msimu wake kwa ajili ya kishimo?

Mlango ulifunguliwa Jumatano asubuhi. Kipande kilitoka chembamba kama ukucha, cheupe kama maziwa toka pembe hadi pembe. Vishimo vilikuwa vimekua vikamezana, hakuna palipojaa wala palipopungua. Zainabu alikiinua kwenye mwanga, akakifunga kwa karatasi, akakirudisha kisandukuni. Alisema kwa sauti ya kawaida kwamba kimebaki kimoja.

Ni Candia aliyekuja na njia. Alikuwa amekitazama kile kipande cheupe, na nadhani hakupenda kwamba kitu kimeharibikia kwenye bani lake, hata kama hakuwa na kosa. Bani la pili lilikuwa linaingia hatua ile ile siku hiyo. Akasema kipimajoto husomwa kupitia tundu la kioo, na kioo kile hutoka. Chupa yetu ingepita. Akatafuta waya, akaukunja ndoana, akatundika chupa ndani ya tundu na kurudisha kioo, waya ukining'inia nje kama mkia wa panya. Kuitoa lingekuwa suala la pumzi moja, akiziba tundu kwa kiganja chenye gunia lenye maji.

"Mimi nashika moto," akamwambia Zainabu. "Wewe nashika saa. Huyu," yaani mimi, "nashika kuni. Na hapana kwenda mahali."

Sikuenda mahali. Kwa saa sita nilileta gogo kila alipoinua kidole. Sijawahi kuona mtu akisikiliza moto namna ile. Alikuwa anajua joto litashuka kabla halijashuka, kwa mlio wa tanuri, na kipimajoto kilikuja nyuma kukubaliana naye. Zainabu aliandika nyuzi kila robo saa. Baadaye alinionyesha karatasi ile, akaniambia joto la beseni lao la Ulaya hutikisika zaidi.

Kipande cha pili kilitoka kikiwa angavu bado, chenye ukungu mwepesi sana. Nilikitazama juani. Nilidhani naona mstari, kisha nikaona hakuna, kisha ukawepo tena.

"Usiangalie sana," Zainabu akasema. "Ukiutaka utauona."

Kuluva, macho ya Mzee Drani

Mwalimu wa Awindiri alitutuma kwa Mzee Drani, anayekaa kando ya barabara upande wa Kuluva. Maisha yake yote alisoma damu kwenye maabara za hospitali mbalimbali, na sasa amestaafu na hadubini yake mwenyewe, yenye kioo chini kinachonasa mwanga wa jua. Kwa umeme wa wiki ile, hiyo ndiyo tuliyoihitaji. Tulifika Alhamisi mapema. Akatupa chai ya tangawizi na viazi vitamu vya kuchoma, akanawa mikono, akakiweka kipande chini ya lenzi. Akasema anaona vishimo, duara kama pete, vingi sana.

Zainabu akaanza kumweleza wimbi la mshtuko liko wapi. Mzee akainua mkono.

"Nyamaza. Hapana ambia mimi wewe natafuta nini."

Zainabu akasema ni ili amsaidie.

"Hiyo hapana saidia. Daktari akisema huyu mutu iko na malaria, macho yangu inaona malaria. Miaka arobaini mimi nafanya hii kazi. Wewe sema tu nianze wapi, niishie wapi."

Wakakubaliana hivi: ataanza pembe ya kushoto na kwenda kulia kwa mstari mmoja, hatua ishirini, kila hatua imepimwa kwa rula, na kila hatua atahesabu vyote vilivyo ndani ya duara la lenzi. Alikuwa na bakuli la maharage. Kila vishimo kumi, harage moja linahamia bakuli la pili. Kisha akamfukuza Zainabu. Alisema kwa adabu kwamba pumzi zake zinamwambia mambo. Zainabu akaenda kukaa nje akitupa mgongo, na mimi nikabaki kuandika tarakimu, kwa sababu uso wangu, alisema, haujui kitu.

Ilichukua karibu siku nzima. Wingu likipita juu ya jua, tunangoja. Hatua za kwanza zilifanana. Ya sita ikapanda. Ya saba ikapanda zaidi. Ya nane alikaa sana, akaanza upya, akaanza upya tena, kisha akaniambia niweke mstari mdogo wa kulala, bila tarakimu.

"Hapa zimepandana. Hii juu ya hii. Hapana hesabika."

Ya tisa ikaanguka chini kuliko zote. Ya kumi chini. Kisha zikarudi kufanana mpaka mwisho.

Zainabu alipoipata karatasi, aliitazama kwanza ile nafasi ya nane. Alijua ndipo penyewe. Akamwomba Mzee akadirie tu, hata kwa mamia, kwa sababu msimamizi ataamua jioni ile na nafasi tupu katikati inaonekana vibaya.

"Wewe naweza kuandika," Mzee Drani akasema. "Kalamu iko yako. Lakini mimi hapana hesabu."

Zainabu alishika kalamu kwa muda. Kisha akaigeuza karatasi akachora tarakimu zikawa mlima na bonde. Ilikuwa kama barabara tambarare yenye tuta na shimo kando yake. Akanionyesha kwamba zilizozidi kwenye tuta ni chache kuliko zilizokosekana shimoni, na pengo hilo lingejazwa na ile ya nane isiyohesabika. Protoni hazikupotea, zilisukumwa kando kidogo na kitu kilichokuwa pale, halafu kikawa hakipo. Mahali pa nane pakabaki na mstari wa kulala. Akapiga picha karatasi yote pamoja na joto la Candia na maelezo ya bani, tukapanda kilima kutafuta mtandao, akaituma.

Jibu la kwanza lilikuwa swali moja: aliyehesabu alijua anatafuta nini? Zainabu akaandika kwamba hakujua, alikataa kuambiwa, na palipomshinda alipaacha. Tukakaa juu ya jiwe. Ng'ombe walipita.

Jibu la pili lilifika kabla jua halijazama. Mapigo ya Ijumaa yalikuwa yake, yote mawili.

Koboko, Ijumaa

Zainabu hakuwa na namna ya kuwa huko kwa wakati, na mama yake alikuwa anatolewa nyuzi za upasuaji. Saa waliyomwambia ilipofika alikuwa anakata bamia. Nikamuuliza pigo la kwanza linaanza lini. Akasema limekwisha kabla sijamaliza kuuliza. Dada Aisha, kitandani, akauliza sasa ni nini kinachochukua wiki nzima kabla ya majibu. Zainabu akamwambia ni kuhesabu, na kwamba amewaandikia wampe plastiki mtu asiyehusika na wasimwambie anatafuta nini. Kulikuwa na ubishi kidogo huko, alisema, maana wana mashine za kuhesabu na waliona ni adabu ya ajabu. Lakini walikubali.

Majibu yalikuja siku mbili kabla hajaondoka. Mstari upo kwenye vipande vyote vya Ijumaa, mwembamba kuliko alivyotarajia, na pale pale ulipokuwa kwenye karatasi ya Mzee Drani. Alinishika shingo kama alivyokuwa akifanya utotoni. Habari ya kipande cha kwanza hakuitaja, na mimi nikaitaja mwenyewe. Akasema anacho kisandukuni, atawaonyesha wanafunzi jinsi kostiki inavyokula.

Kuluva tena

Yeye alirudi Ulaya. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kazi upande wa Moyo na gari lilikuwa linaondoka. Lakini kulikuwa na mzee aliyehesabu vishimo kutwa bila kujua ni vya nini, na hatukuwa tumempa neno zaidi ya asante. Nikachukua pikipiki kwenda Kuluva, nikamwambia dereva anisubiri kidogo barabarani.

Mzee Drani akanikaribisha kama mtu aliyejua nitakuja. Nikamweleza. Nilianza na leza, nikapotea. Nikaanza na plazma, nikapotea zaidi. Mwishowe nikamwambia afikirie ule wakati wa kukimbia vita, watu wote barabarani kwenda Kongo. Wepesi walitangulia. Wenye mizigo na watoto wakabaki nyuma. Hakuna aliyepanga. Na kati ya wa mbele na wa nyuma, ile nafasi, kila mtu alikuwa anageuza shingo. Huo mvuto ndio umeme wenyewe, nikasema, na wewe umeuhesabu.

Mzee akafunika hadubini kwa kitambaa chake.

"Mimi ilikuwa mwepesi," akasema. "Miaka kumi na saba. Ilikimbia mpaka mto. Mama yangu ilikuwa nyuma, nabeba sufuria." Kisha akaniuliza, "Hiyo ya mbele, inafika mbali?"

Hilo nilikuwa nimemuuliza Zainabu uani, nikalijua. Nikamwambia zile nyepesi hazifiki mbali. Mvuto ule ule unazipunguza mwendo, na zile nzito za nyuma unaziongezea.

"Iko kweli," Mzee Drani akasema. "Mimi ilingoja pale mto siku mbili. Siku ya tatu mama ilifika."

Akatabasamu.

"Na sufuria."

Barabarani pikipiki ilikuwa inapiga honi. Nilitoka nikamwambia dereva aende, nikarudi ndani kukaa.